Kiu Kando ya Ziwa: Kwa Nini Maji ya Mji Huhitaji Mpango wa Dharura

Kila mara mabomba yanapokauka katika mji uliojengwa kando ya ziwa au mto, wakazi wake huuliza swali lile lile: inakuwaje watu walale na kiu ilhali maji wanayaona kwa macho yao? Swali hilo huulizwa Goma, mji wa mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ulio ufukweni mwa Ziwa Kivu, kama linavyoulizwa Mwanza na Kisumu, na mara nyingi muulizaji huwa amekwisha kujijibu kwamba pana uzembe mahali fulani. Uzembe huweza kuwapo, lakini jibu lenyewe ni pana zaidi. Maji ya ziwani na maji ya bombani ni vitu viwili tofauti, na kinachovitenganisha ni kazi ndefu ya mitambo, umeme, dawa, mabomba na watu, kazi ambayo ikikatika mahali pamoja tu huwa imekatika yote.

Sura hii inaeleza namna mji unavyoweza kujiandaa kwa siku hiyo. Kinachoitwa mpango wa dharura wa maji ni makubaliano yanayofikiwa mapema, wakati maji yanatoka, kuhusu mambo yatakayotendwa wakati hayatoki: nani ataamua, nani atatangaza, maji mbadala yatachotwa wapi, na nani atafikiwa kwanza. Neno la kushikwa hapo ni "mapema", kwa sababu, kama itakavyoonekana, karibu kila uamuzi unaoachwa hadi siku ya dharura hugharimu kuliko ambavyo ungegharimu mwaka uliotangulia.

Mnyororo unaoishia bombani

Huduma ya maji ya mji ni kama mnyororo wenye pingili sita, na kila pingili ina namna yake ya kukatika:

1. Chanzo, yaani mto, ziwa, chemchemi au kisima kirefu, ambacho huweza kukauka au kuchafuka.
2. Pampu, ambazo huyavuta maji na kuyapandisha, nazo husimama umeme unapokatika au kipuri kinapokosekana.
3. Mtambo wa kusafishia, ambamo tope hutuamishwa, maji huchujwa, kisha hutiwa klorini, ambayo ni dawa ya kuua vijidudu. Mtambo huweza kuwa mzima na bado ukashindwa kazi kwa kuishiwa dawa.
4. Tangi, ambalo huhifadhi maji yaliyosafishwa mahali pa juu ili yateremke mjini kwa uzito wake yenyewe.
5. Mtandao wa mabomba, ambao hupasuka, hung'olewa na mafuriko, au hunyonya maji machafu ya ardhini kupitia nyufa pindi msukumo wa maji ndani yake unaposhuka.
6. Watu na taarifa, kuanzia fundi anayejua koki kuu ilipo hadi ofisa mwenye mamlaka ya kutoa tangazo.

Kazi ya kwanza ya mpango ni kuipitia pingili moja baada ya nyingine na kuuliza maswali matatu: ni kitu gani kinachoweza kuikata, ikikatika mji utastahimili kwa saa ngapi, na ni kitu gani kitakachoshika nafasi yake? Zoezi hilo huitwa tathmini ya hatari. Nchini Marekani, sheria iliyopitishwa mwaka 2018 inazitaka huduma za maji zinazohudumia zaidi ya watu 3,300 zifanye tathmini hiyo, ziandae mpango wa dharura ndani ya miezi sita baada ya kuithibitisha, na kuyapitia upya yote mawili kila baada ya miaka mitano, kwa kuwa mji hukua, mitambo huchakaa na watu waliokuwa wanajua mambo hustaafu.

Swali la pili, lile la saa, ndilo linalosahaulika zaidi. Tangi lenye lita milioni 2 huonekana kubwa kwa anayelitazama kutoka chini, lakini katika mji unaotumia lita milioni 12 kwa siku ni akiba ya saa 4 tu. Tangi likijazwa alfajiri na pampu zikasimama saa 12 asubuhi, kufikia saa 4 asubuhi mji umekauka. Mpango usioijua idadi hiyo hauwezi kusema kama mafuta ya jenereta yanaweza kungoja hadi kesho.

Umeme unapokatika, maji hufuata

Pingili inayovunjika mara nyingi zaidi haina hata tone la maji ndani yake. Kisiwa cha Unguja kilijifunza hilo mara mbili katika kipindi cha miaka miwili. Umeme wa kisiwa hicho hutoka Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na kati ya Mei na Juni 2008 hitilafu katika njia hiyo iliiacha Unguja gizani kwa takriban mwezi mzima; kisha, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, giza lilirudi kwa takriban miezi mitatu. Maji ya chini ya ardhi yalikuwapo kama kawaida, lakini visima vinavyoulisha mji hutegemea pampu za umeme, kwa hiyo walichokosa wakazi ni nguvu ya kuyapandisha tu.

Goma ilipitia hali ya namna hiyo mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, nyaya za umeme zikakatika na vituo vya kusukuma maji vikasimama, hata watu wakateremka na madumu, au bidoni kama wanavyoyaita wenyewe, kuchota maji ghafi ya Ziwa Kivu. Maji ghafi ni yale ambayo hayajapita katika usafishaji wowote, na katika eneo ambalo kipindupindu hakijawahi kwisha kabisa, kila dumu la namna hiyo hubeba hatari yake.

Jibu la haraka la watu wengi ni jenereta, nalo ni jibu sahihi iwapo maneno mengine matatu yanaandikwa kando yake: mafuta, fundi na mazoezi. Jenereta isiyowashwa kwa miezi huweza kukataa siku inapohitajika, na ghala la dizeli lenye akiba ya siku moja halisaidii katika giza la miezi mitatu. Kwa sababu hiyo mpango mzuri hauahidi kuviendesha visima vyote. Hutaja kwa majina visima vichache vitakavyopewa mafuta kwanza, kwa mfano kile kinacholisha hospitali na vile vyenye tangi karibu, na huafikiana mapema na wauza mafuta kuhusu nani atahudumiwa foleni itakapokuwa ndefu.

Kwa ufupi: anayepanga dharura ya maji aanze kwa kuorodhesha vitu visivyo maji, yaani umeme, mafuta, dawa, barabara, simu na mishahara, kisha aulize kila kimoja kikikosekana bomba litatoka kwa muda gani.

Hesabu ya siku ya kwanza

Jioni ya Mei 22, 2021, mlima wa volkano wa Nyiragongo ulipasuka, na mmoja wa mito ya lava ukateremka hadi ukingoni mwa Goma kabla ya kuganda. Tangi kubwa na mabomba ya kusambazia maji yaliharibiwa, na takriban watu nusu milioni wakapoteza huduma. Siku tano baadaye serikali iliamuru baadhi ya mitaa ihamwe, na umati wa watu ukashika njia ya Sake na miji mingine, hivyo kwamba waliohitaji maji hawakuwa tena mahali pale pale walipokuwa wiki iliyotangulia.

Tukio kama hilo hufundisha hesabu ambayo kila mji unaweza kujifanyia. Mashirika ya misaada hukubaliana kwamba, katika dharura, mtu mmoja anahitaji angalau lita 15 kwa siku kwa kunywa, kupikia na usafi wa lazima; kwamba bomba moja la dharura lisihudumie zaidi ya watu 250; na kwamba mahali pa kuchotea pasiwe mbali kuliko mita 500 kutoka nyumbani. Kwa watu 500,000, lita 15 kwa kila mmoja ni lita milioni 7.5 kwa siku. Boza, yaani lori la maji, lenye ujazo wa lita 10,000 litahitaji safari 750 ili kuzifikisha. Likiweza safari 6 kwa siku katika barabara nzuri, mji utahitaji maboza 125, pamoja na mabomba 2,000 ya kuchotea. Ni miji michache yenye maboza 125, na mara nyingi yaliyopo ni mali ya watu binafsi ambao bei yao hupanda pamoja na kiu.

Hesabu hiyo isimkatishe mtu tamaa, kwa kuwa inaonyesha mahali pa kuwekeza. Boza haliwezi kuwa badala ya bomba la mji mzima. Kazi yake ni kuwafikia wachache wasioweza kungoja, hospitali ikiwa ya kwanza. Mgonjwa mmoja wa figo anayesafishwa damu kwa mashine hutumia takriban lita 120 za maji yaliyotakaswa katika kipindi kimoja cha saa 4, na wodi ya wazazi haiwezi kuahirisha uzazi hadi bomba litengenezwe. Walio wengi watajichotea wenyewe mahali pa karibu, iwe ziwani, mtoni au kisimani, na jambo la busara ni kuyafanya maji hayo yawe salama pale pale yanapochotwa.

Hapo hesabu ya pili huja na habari njema. Tuseme maji yaliyo angavu kiasi yanatiwa miligramu 2 za klorini kwa kila lita: lita milioni 7.5 zitahitaji kilo 15 za klorini, yaani takriban kilo 21 za klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 70. Maji yenye tope huhitaji zaidi, na fundi hupima kwanza kabla ya kutia, lakini kipimo chenyewe kinaonekana: dawa ya siku moja ya mji wa watu nusu milioni haijazi hata mfuko mmoja wa sukari wa kilo 25. Kwa miaka mingi kumekuwa na vituo vya klorini katika fukwe za Goma, ambapo mhudumu huitia dawa kwa bomba la sindano ndani ya dumu la kila anayepita, na hiyo ndiyo sura rahisi kabisa ya mpango wa dharura unaotekelezwa.

Kumbukumbu ya kukosekana kwa maandalizi ya namna hiyo ni chungu mno huko Goma. Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walivuka mpaka kwa siku chache tu, wakatua juu ya ardhi ya mawe ya volkano isiyochimbika vyoo wala makaburi, wakanywa maji ghafi, na kipindupindu pamoja na kuhara damu vikachangia vifo vinavyokadiriwa kufikia 50,000 katika mwezi wa kwanza. Ziwa lilikuwa pale pale, hatua chache kutoka walipolala.

Wahenga walisema akiba haiozi, lakini klorini huoza: unga wake hupoteza nguvu kadiri unavyokaa, hasa penye joto na unyevu. Kwa hiyo ghala la dharura ni lazima liwe kavu, liwe mbali na mafuta na asidi, na dawa ya zamani itumike kabla ya mpya.

Maji yanapotoka, lakini hayafai

Bomba kavu hujitangaza lenyewe, ilhali bomba lenye sumu halisemi kitu. Mei 2000, katika mji mdogo wa Walkerton ulioko Ontario nchini Kanada, mvua kubwa ilisukuma vijidudu vya samadi ya ng'ombe hadi ndani ya kisima cha mji. Waendeshaji walikuwa na mazoea ya kutia klorini pungufu na kuandika vipimo vya uongo daftarini. Matokeo ya maabara yalipoonyesha uchafuzi yalifichwa, na ni ofisi ya afya iliyotoa tangazo la kuchemsha maji, siku kadhaa baadaye, baada ya kuona wagonjwa wakiongezeka. Katika mji wa watu takriban 5,000, zaidi ya 2,300 waliugua na 7 wakafa.

Somo la Walkerton ni kwamba mamlaka ya kutangaza hatari hayapaswi kumtegemea mtu ambaye tangazo litamfedhehesha. Mpango ueleze kwamba kipimo kikifika kiwango fulani, tangazo hutoka bila kungoja saini ya mkuu aliye safarini, na kwamba matokeo ya maabara yafike kwa idara ya afya wakati ule ule yanapofika kwa mamlaka ya maji.

Tangazo lenyewe lina aina tatu, na kuzichanganya ni hatari:

- "Chemsha" hutumika panapohofiwa vijidudu. Maji yanayotokota kwa dakika moja huwa salama, na katika miji iliyo juu ya mita 2,000, dakika tatu.
- "Usinywe" hutumika penye sumu isiyouawa na moto. Agosti 2014 wakazi wa Toledo, Marekani, walikatazwa kunywa maji ya Ziwa Erie kwa sababu ya sumu inayotolewa na mwani, yaani ule ukijani unaotanda juu ya maji yenye mbolea nyingi. Walikatazwa pia kuchemsha, kwa kuwa mvuke huondoka na sumu hubaki nyingi zaidi sufuriani.
- "Usitumie" hutumika penye kemikali ambayo hata kuigusa ni hatari. Januari 2014 kemikali ya kuoshea makaa ya mawe ilivuja hadi Mto Elk katika jimbo la West Virginia, na takriban watu 300,000 wakaambiwa maji ya bomba ni ya choo na zimamoto tu.

Mkazi wa Kisumu anayeujua ukijani wa Ghuba ya Winam ana sababu ya kuielewa tofauti hiyo, kwa maana aliyefundishwa maisha yake yote kwamba kuchemsha hutatua kila kitu huweza kujidhuru kwa utiifu wake. Matangazo yote matatu yaandikwe mapema, kwa Kiswahili chepesi na kwa lugha za mahali, yakiwa na nafasi tupu za tarehe na majina ya mitaa, na ijulikane ni redio zipi, misikiti ipi, makanisa yapi na wenyeviti gani wa mitaa watayapokea simu zitakapokuwa hazishiki.

Dharura inayokuja polepole

Ukame hutoa notisi, lakini notisi hiyo haina faida kwa mji usiojua utafanya nini kila ngazi inapofikiwa. Cape Town, mapema mwaka 2018, ilikuwa na ngazi hizo: kuanzia Februari 1 kila mtu alipangiwa lita 50 kwa siku, na ilitangazwa kwamba mabwawa yakishuka hadi asilimia 13.5 mabomba ya nyumbani yatafungwa na watu watapanga foleni kupewa lita 25 kila mmoja katika vituo takriban 200. Siku hiyo, iliyoitwa Siku ya Sifuri, haikufika, kwa sababu watu walipunguza matumizi na mvua zikarudi. Idadi iliyotajwa waziwazi ilifanya kazi ambayo maonyo ya jumla hayakuweza.

Dar es Salaam iliingia katika mgao wa maji Oktoba 2022 baada ya Mto Ruvu kupungua. Mji huo ulikuwa na mitambo miwili mikubwa, Ruvu Juu wenye uwezo wa lita milioni 196 kwa siku na Ruvu Chini wenye lita milioni 270, lakini yote miwili hunywa mto mmoja. Jambo hilo ni la kuangaliwa na kila mpangaji: mitambo miwili kwenye chanzo kimoja ni kinga dhidi ya kuharibika kwa mtambo, wala si kinga dhidi ya ukame. Nafuu ilitafutwa katika visima virefu vya Kigamboni, yaani katika chanzo cha namna nyingine.

Yaliyomo katika mpango wenyewe

Mpango wa dharura hauhitaji kuwa mnene. Kwa jumuiya ya watumia maji yenye kisima kimoja, ukurasa uliobandikwa ndani ya nyumba ya pampu unatosha. Kwa mji mkubwa utakuwa kijitabu. Katika hali zote mbili uwe na mambo haya:

1. Ramani ya mabomba na koki kuu, yenye nakala nje ya ofisi, kwa kuwa ofisi nayo huweza kufurika.
2. Majina na simu za wahusika, kila mmoja akiwa na naibu.
3. Saa za akiba ya kila tangi, na siku za akiba ya mafuta na dawa.
4. Orodha ya wa kwanza kuhudumiwa: hospitali, zahanati, magereza, shule za bweni.
5. Vyanzo mbadala vilivyokwisha kupimwa ubora wake.
6. Mikataba na wenye maboza, yenye bei iliyokubaliwa kabla ya shida.
7. Matangazo matatu yaliyo tayari.
8. Tarehe ya zoezi lililopita na ya lijalo.

Jambo la mwisho ndilo linaloyapa mengine uhai. Zoezi la saa mbili, ambamo msimamizi anatangaza kwamba pampu kuu imesimama na kila mtu anatakiwa kutenda sehemu yake, hufichua kwamba simu ya fundi ilibadilika, ufunguo wa ghala uko kwa aliyehamishwa, na koki iliyochorwa kwenye ramani imefukiwa chini ya lami.

Maji yakirudi

Furaha ya kusikia bomba likikoroma huwafanya wengi waone kwamba dharura imekwisha, ilhali mabomba yaliyokaa matupu huwa yamenyonya uchafu kupitia nyufa. Maji ya kwanza humwagwa, mtandao husafishwa kwa klorini, kisha sampuli hupelekwa maabara, ambako kipimo cha kawaida cha vijidudu huchukua hadi saa 24. Kipimo cha haraka ni mabaki ya klorini, yaani dawa iliyosalia majini baada ya kuua vijidudu: Shirika la Afya Duniani linashauri isipungue miligramu 0.2 kwa lita mahali mtu anapochotea. Hadi tangazo la kuruhusu litoke, nyumba iendelee kuchemsha.

Muhtasari

- Kuwa na maji mengi karibu si sawa na kuwa na huduma ya maji.
- Kila pingili ihesabiwe kwa saa: mji utastahimili kwa muda gani ikikatika?
- Maboza ni ya wachache wasioweza kungoja. Dawa mahali pa kuchotea ni ya wote.
- Anayetangaza hatari asiwe yule ambaye tangazo linamfedhehesha.
- Vyanzo viwe vya namna tofauti, na mpango ufanyiwe mazoezi.

Hivyo basi, jibu la wanaouliza kwa nini mji hukosa maji kando ya ziwa ni kwamba ziwa peke yake halijawahi kumnywesha mtu maji salama. Ziwa Kivu la Julai 1994 na lile la vituo vya klorini ni ziwa moja. Kilichobadilika ni kwamba ufukweni amesimama mtu mwenye dawa mkononi, anayejua kipimo chake, na aliyepangiwa kusimama pale kabla dumu la kwanza halijafika.